Mlango wa Bi Tolliver

Kazi yetu ilikuwa kugawa fedha za serikali kwa watafiti, na katika kazi hiyo kulikuwa na desturi moja niliyoiona safi kabisa. Ndiyo hiyo iliyokuja kunitia kichefuchefu.

Maandiko yalikuja kutoka vyuo vikuu vya nchi nzima. Mtu anaomba fedha achunguze barafu, mwingine mchwa, mwingine namna watoto wadogo wanavyojifunza kuhesabu. Hatukuwa na ujuzi wa kuyapima yote, kwa hiyo tuliwaalika wataalamu kumi au zaidi, tukawaweka chumba kimoja siku mbili, wakasoma, wakabishana, wakapanga: hili lipewe, hili lingoje, hili hapana. Jopo, tuliliita. Na kila andiko lilipofikiwa, mjumbe mwenye maslahi nalo alisimama akatoka. Pengine mwombaji anafundisha chuo chake, pengine alikuwa mwanafunzi wake. Mara moja mwombaji alikuwa mtalaka wake. Mjumbe alichukua kikombe chake cha kahawa, akaenda kusimama kwenye korido akitazama zulia, mpaka wenzake wamalize na aitwe arudi. Watu wenye majina makubwa duniani nimewaona wamesimama pale kama wanafunzi waliochelewa shule.

Mlango wa chumba hicho, na neno la nani atoke, vilikuwa vya Bernadine Tolliver.

Alizaliwa Suitland, upande wa Maryland, mama yake akipika chakula cha mchana katika shule ya msingi. Alijifunza kupiga chapa, akaingia kwetu akiwa binti mdogo mwenye sketi moja nzuri. Enzi hizo maandiko yalikuja kwa karatasi, nakala rundo kwa kila moja, na siku ya mwisho ya kupokea, magari ya posta yalipanga foleni nyuma ya jengo tangu asubuhi. Bernadine alisukuma toroli. Vidole vyake vilichanwachanwa na kingo za bahasha, na jioni akipanda treni alinuka gundi. Alikuwa akisema kwamba sayansi ya nchi hii yote aliibeba mgongoni kabla ya mtu yeyote kuisoma.

Karatasi zikaisha, kompyuta zikaja. Tulidhani mzigo umepungua. Kumbe mzigo uliacha tu kuonekana. Bunge liliongeza fedha mwaka hadi mwaka. Kulikuwa na miaka ya kubana na miaka ya kumwaga, lakini ukitazama kwa mbali mstari ulipanda. Tukagawa mara mbili ya zamani, kisha zaidi ya hapo. Watu hatukuongezwa. Kila kiongozi aliyekuja alijivunia hilo kwenye hotuba, kwamba sisi tunagawa mengi kwa mikono michache, na sisi tulipiga makofi, wajinga kama tulivyokuwa. Pengo likazibwa kwa namna mbili. Kwanza kwa wanasayansi wa kuazimwa, waliokuja kutoka vyuoni kwa miaka miwili mitatu, wakaweka picha za watoto wao mezani, wakaondoka kabla hawajajua choo cha ghorofa ya chini kiko wapi. Pili kwa watu wa makampuni ya nje ya serikali, wenye vitambulisho vya rangi nyingine, waliobadilishwa kila mkataba ulipobadilishwa. Waliobaki ni wachache, watu kama Bernadine. Wao walikuwa sakafu. Wengine wote tulikuwa miguu.

Jumapili Bernadine alikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani kwake. Sare nyeupe, glavu nyeupe, mkono wa kushoto umekunjwa nyuma mgongoni, kiganja cha kulia kimeinuliwa. Mchungaji akiwa katika sala hapiti mtu, awe shemasi, awe bibi harusi. Msimamo huo aliuleta kazini, ila bila glavu.

Hadithi yake moja ilijulikana idara nzima. Profesa mmoja mashuhuri, mzee wa nywele ndefu, aliambiwa atoke kwa sababu andiko lililofikiwa lilikuwa la mwanafunzi wake wa zamani. Akagoma.

"Bibi, mimi nimepewa tuzo kubwa kuliko zote za fani hii. Unafikiri nitashindwa kuwa mwadilifu kwa nusu saa?"

"Hongera sana, Dokta," Bernadine akasema. "Tuzo wameiona wote. Kikombe chako hiki hapa."

"Nitanyamaza tu. Sitasema neno."

"Kunyamaza kwako nako kuna sauti, Dokta. Watu watakutazama usoni. Twende, mpenzi, zulia la huko nje ni zuri zaidi."

Chumba kilicheka, mzee akacheka kwa kulazimika, akatoka. Kwenye kiti cha pembeni siku hiyo alikuwepo kijana wa kuazimwa kutoka chuo kimoja cha Ohio, jina lake Warren Kessling. Alicheka mpaka akatoa machozi. Jioni alikuja mezani kwa Bernadine akamwambia hajawahi kuona kitu kizuri kama kile maishani mwake, kwamba mtu asiye na shahada anaweza kumtoa nje mtu kama yule kwa sababu ya kanuni tu.

Warren hakurudi Ohio. Aliomba kazi ya kudumu akapata. Bernadine ndiye aliyemfundisha nani wa kumpigia simu bajeti inapokwama, ofisa gani hasemeshwi kabla ya kahawa, na namna ya kumwambia mtafiti hapana bila kumvunja moyo. Alipofiwa na baba yake, Bernadine alimpikia keki ya siagi na kuku wa kukaanga, akaendesha gari hadi nyumbani kwake kwenye theluji. Warren alipanda cheo, akapanda tena, akawa mkurugenzi wa idara yetu. Wote tulimwita Warren. Bernadine peke yake aliendelea kumwita Dokta. Naye kwenye kila sherehe alisema mbele za watu, huku amemshika bega, "Mimi nimelelewa na mama huyu."

Niliyasikia maneno hayo mara nyingi. Sasa nikiyakumbuka nataka kunawa.

Mwaka mmoja kabla ya mambo kuharibika, nafasi ya msimamizi wa shughuli za idara ikawa wazi. Warren alimtaka Bernadine aichukue. Bernadine akakataa, mara ya kwanza na ya pili.

"Hapa nilipo nimezoea, Dokta. Kiti kimeshachukua umbo langu."

"Bernadine, kazi yenyewe unaifanya tayari. Ninachotaka uifanye na jina lake. Ni aibu yangu mimi kama utastaafu na cheo kilekile."

"Aibu yako usinibebeshe."

"Nifanyie hisani tu. Mimi nikiwepo, utaogopa nini?"

Akakubali. Na hapo ndipo ulipolala mtego, ingawa siku ile hakuna aliyeuona. Cheo kile kilikuwa cha daraja jingine la utumishi, na kwa kanuni zetu anayeingia daraja jingine huanza upya kipindi cha majaribio, hata kama amekuwepo tangu magari ya posta. Kwa mwaka mzima anahesabiwa mgeni. Tulilifanya mzaha. Yolanda Spriggs wa ofisi ya utumishi, shoga yake wa miaka yote, alimletea puto lililoandikwa *Karibu Mgeni*.

"Mwali wetu ameingia," Yolanda akasema. "Mfundisheni adabu."

"Nipeni basi mtu wa kunionyesha lifti," Bernadine akajibu. "Naogopa kupotea."

Puto lilikaa mezani kwake mpaka likasinyaa.

Majira ya baridi serikali mpya iliingia Washington, ng'ambo ya mto kutoka ofisini kwetu, na amri zikaanza kushuka. Sitazieleza zote. Ilitosha kuona watu wazima wakisoma barua pepe huku wamefunika mdomo. Tulitakiwa kuandika kila wiki tumefanya nini, na hakuna aliyejua nani anasoma. Wanawake wa makampuni ya nje walitoweka wa kwanza, bila hata meza zao kufutwa. Losheni ya mikono ya mmoja wao ilibaki dirishani wiki nyingi. Kisha ikaja amri kwamba wote walio kwenye majaribio waondolewe. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu hawa bado hawajathibitisha kuwa wanafaa.

Yolanda alimvuta Bernadine ngazini, mahali pasipo na kamera, na mimi nilikuwa napanda nao kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Hakunificha.

"Umo," akasema.

"Nimo wapi?"

"Kwenye majina. Bernie, usinitazame hivyo, sikuandika mimi. Kompyuta imetoa kila mwenye majaribio, na wewe una miezi tisa."

"Miezi tisa! Yolanda, mimi nilikukuta hapa au wewe ulinikuta?"

"Nilikukuta. Sikiliza sasa. Kesho wakuu wanakutana tena. Kila mkurugenzi anaruhusiwa kutetea. Akisema huyu si mgeni, ni mtu wa siku nyingi aliyepandishwa tu, jina linafutwa. Idara ya baharini wametetea wawili leo asubuhi na majina yao yamefutwa. Ni neno moja tu. Lakini lazima aliseme mkurugenzi mwenyewe, mle ndani, kwa mdomo wake."

Bernadine aliposhusha pumzi, ngazi nzima ilisikia. "Basi sina shida," akasema. "Mkurugenzi wangu ni Dokta."

Akaenda ofisini kwa Warren palepale. Mlango haukufungwa.

"Dokta, nimesikia jina langu limo."

"Limo kwa upuuzi wa kanuni. Ni jambo la kuchukiza."

"Kesho utasema?"

Warren aliinuka, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili. "Bernadine. Kweli wewe wa kuniuliza mimi swali hilo? Nenda nyumbani ukalale."

Akaenda, akalala.

Kesho yake wakuu walikutana katika chumba kilekile cha majopo, na aliyekiandaa ni Bernadine, maana kuandaa vyumba ilikuwa kazi yake na hakuna aliyefikiri kumpumzisha. Alipanga viti, akaweka maji, akawasha skrini, akatoka, akakaa kwenye meza yake ndogo kando ya mlango. Meza yangu ilikuwa upande wa pili wa korido. Hakufanya kitu. Alikaa tu wima, mkono wa kushoto nyuma, kama kanisani.

Mlango ukafunguka. Akatoka Warren, kikombe cha kahawa mkononi. Akaurudisha mlango taratibu nyuma yake, kwa adabu kabisa, usigonge.

"Umesahau kitu, Dokta?" Bernadine akauliza. "Nikuletee?"

"Hapana. Hapana, asante." Aliegemea ukuta. "Wamefika kwenye idara yetu."

"Wamefika kwenye idara yetu," Bernadine akarudia.

"Ndiyo."

"Sasa mbona wewe uko nje?"

Macho yake yalikuwa yamelowa. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, kwamba yalikuwa yamelowa kweli. "Nina maslahi, Bernadine," akasema. "Wewe ni rafiki yangu. Umenilea. Siwezi kukaa mle nikajifanya sina upande. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Bernadine alikitazama kikombe. Kilikuwa cheupe, chenye ufa, yeye mwenyewe ndiye aliyempa Warren siku Warren alipothibitishwa kazini.

"Nilikufundisha utoke unapokwenda kuchuma," akasema polepole. "Leo unachuma nini mle ndani?"

"Kanuni ni kanuni."

"Dokta, hao wamekuita useme. Hakuna mwingine mle anayenijua. Rudi. Bado dakika ipo. Fungua huo mlango urudi."

Warren alitazama zulia. Alikuwa na watoto wawili chuoni, nyumba kubwa Falls Church, na cheo ambacho wakubwa wapya walikuwa bado hawajaamua kama kibaki. Yote hayo tuliyajua. Wangeweza kumkumbuka kwa kutetea. Lakini hakuyataja. Kama angeyataja, kama angesema *naogopa, Bernadine*, pengine leo ningeandika habari nyingine. Alichagua kuvaa usafi. Alichukua kitu kimoja safi tulichokuwa nacho, akakivaa kufunika suruali iliyolowa.

Alikunywa kahawa. Nilisikia akimeza. Kisha mlango ukafunguka kidogo na sauti ikasema kutoka ndani, "Warren, ingia sasa. Tumemaliza."

Akaingia.

Asubuhi iliyofuata wale wote wa majaribio waliitwa ukumbini, wengine wakajiunga kwa skrini, na baadhi yetu tukaingia nao kuwasindikiza. Aliyezungumza alikuwa mtu wa utumishi aliyeletwa kutoka juu, na kamera yake aliizima. Tulisikiliza duara la kijivu lenye herufi mbili za jina lake. Alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza treni iliyochelewa. Kompyuta zitafungwa saa saba mchana. Vitambulisho viachwe kwa mlinzi. Asanteni kwa utumishi wenu.

Mwanamume mmoja wa idara ya hisabati aliinua mkono. "Mimi niko hapa tangu nina nywele. Unaniambia sijathibitisha kuwa nafaa?"

"Kumbukumbu zinaonyesha una miezi mitano," duara likajibu.

Watu walicheka, kicheko kibaya kinachotoka puani. Bernadine hakucheka. Alikuwa akiandika kwenye kiganja chake kwa kidole, kitu nisichokijua.

Saa tano tuliambiwa tukutane katika chumba cha kulia cha ghorofa yetu kumuaga. Chumba kile kilinuka bisi zilizoungua kwenye maikrowevu, harufu isiyotoka mwaka mzima. Warren alikuwa ameagiza keki. Keki ya dukani, ya mstatili, sukari ya bluu imepakwa nene hadi inang'aa kama rangi ya mlango, na juu yake *Asante Bernadine*, herufi za mwisho zimebanwa kwa kukosa nafasi. Kulikuwa na sahani za karatasi na uma za plastiki. Tulisimama kuzunguka ile keki tukila, kwa sababu ilikatwa, kwa sababu mtu akikupa sahani unaishika. Tumewala wenzetu kwa namna nyingi maishani, lakini siku ile ladha yake ilikuwa sukari ya bluu.

Mpango ulijulikana. Pale kwetu, mtu akitolewa, waliobaki hupanga mistari miwili kwenye korido na kumpigia makofi mpaka lifti ifunge. Ilianza kwa nia njema. Kufikia majira yale ya baridi ilikuwa imekuwa mazoea, na makofi yalisikika ghorofa za juu na za chini karibu kila siku, kama mvua kwenye bati.

Bernadine alisimama karibu na mlango na sanduku lake. Yolanda alikuwa ameshikilia koti lake. Warren akagonga kikombe kwa uma.

"Marafiki," akaanza. "Mnajua wote. Mimi nimelelewa na mama huyu. Bernadine Tolliver ni—"

Bernadine aliweka sanduku chini. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma mgongoni. Wa kulia ukainuka, kiganja mbele, si juu sana.

"Samahani, Dokta," akasema. "Kabla hatujaendelea. Jina lililofikiwa sasa ni la nani?"

Warren alitabasamu kidogo, akidhani ni mzaha. "Lako."

"Na wewe una maslahi nalo?"

Yolanda alisema "Eh!" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeona gari likiteleza.

"Bernadine, tafadhali. Si sasa."

"Jana ulikuwa nayo. Yameisha?"

Warren alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alitafuta mtu wa kusema jambo. Sisi tulitazama keki, na kwa mara moja woga wetu ulifanya kazi inayofaa.

"Basi pa kwenda unapajua, mpenzi," Bernadine akasema, kwa upole uleule aliomwambia nao yule profesa wa nywele ndefu. "Usisahau sahani yako."

Na Warren akaenda. Sikutegemea angeenda. Ila mwili wake ulikuwa umezoea kumtii mama yule kwenye mlango, na miguu ilimpeleka. Akapita katikati yetu na sahani yake ya karatasi, akatoka. Bernadine akaurudisha mlango taratibu, usigonge.

"Haya," akasema. "Nani anaanza?"

Tuliongea. Yolanda alisimulia siku waliyokwama kwenye theluji wakala biskuti za mashine siku nzima. Kijana wa kuazimwa, ambaye hakukaa nasi hata nusu mwaka, alisema Bernadine ndiye mtu wa kwanza jengo zima aliyemuuliza jina la mke wake. Hakuna aliyetaja nje. Lakini mlango ule ni mwembamba, na kati ya maneno ya mtu na mtu tulimsikia kule kwenye korido akihama mguu mmoja hadi mwingine.

Saa saba ilikaribia. Bernadine alivaa koti. "Makofi sitaki," akasema. "Kapigieni kitu kingine."

Akafungua mlango. Warren alikuwa palepale, mgongo ukutani, kipande cha keki hakijaguswa isipokuwa pembeni, bluu kidogo kwenye mdomo. Alipomwona alishtuka, akageuka huku na huku akitafuta mahali pa kuweka sahani ili mikono iwe huru kupiga makofi. Hapakuwa na mahali.

Bernadine alimpita na sanduku lake.

"Unaweza kuingia sasa, Dokta," akasema. "Tumemaliza."